Jinsi ya kusoma doa jekundu kwenye picha ya ubongo

Mashine ya MRI, inayopiga picha za mwili kwa sumaku, haioni seli za neva zikifanya kazi. Inaona damu. Ukilishika hilo, mengine yatafuata. Wanafunzi wangu huwa nawaanzishia jaribio la vidole: mtu analala ndani ya mashine, anagonga vidole vya mkono wa kulia sekunde 20, anapumzika sekunde 20, anarudia.

Hatua ya 1: Jua kinachopimwa. Himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyokwisha kuacha oksijeni yake huvuruga uga wa sumaku, na picha hufifia mahali hapo. Mtafiti Seiji Ogawa na wenzake ndio walioonyesha mwaka 1990 kwamba tabia hiyo inaweza kutumika kupigia picha ubongo.

Hatua ya 2: Tegua fumbo. Seli zikichapa kazi hutumia oksijeni, basi picha ingefifia. Mbona inang'aa? Kwa sababu mishipa hupanuka na kuleta damu yenye oksijeni kupita mahitaji. Miaka ya 1980 watafiti Fox na Raichle walipima sehemu ya ubongo inayohusika na kuona: mtiririko wa damu ulipanda kwa takriban asilimia 50, matumizi ya oksijeni kwa 5 tu. Ni shughuli ya watu hamsini iliyopikiwa pilau ya watu mia; sisi tunapiga picha ya kilichobaki sufuriani.

Hatua ya 3: Sogeza saa. Seli hujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, lakini damu hufika kileleni baada ya sekunde 5 au 6. Mwanafunzi mmoja alisahau, akaja kuniuliza kwa nini ubongo unaendelea kugonga vidole ilhali mkono umetulia!

Hatua ya 4: Namba kwanza, rangi baadaye. Fungua grafu ya upande wa kushoto wa ubongo, sehemu inayoongoza mwendo. Nguvu ya ishara kutoka 1000 itapanda labda hadi 1015. Basi. Wekundu wote ule umepakwa na takwimu, na takwimu zisiposahihishwa kwa wingi wa sehemu zinazopimwa hudanganya: mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki samoni aliyekufa ndani ya mashine, na madoa yakatokea.

Hatua ya 5: Usirukie kusema doa jekundu ni nishati. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake hata ukiwa umepumzika. Kugonga vidole huongeza kidogo mno. Tena, mtafiti Logothetis na wenzake walipopima nyani mwaka 2001, waliona ishara ya damu inaendana zaidi na ujumbe unaoingia na kuchakatwa hapo kuliko ule unaotumwa nje. (Muulize mhusika kama amekunywa kahawa. Kafeini hubana mishipa ya ubongo.)

Ukitaka nishati yenyewe, tumia PET, mashine inayofuatilia dawa yenye mionzi mwilini, kwa glukosi (sukari) yenye florini-18, ambayo hutoa mionzi. Hapo fuata sukari inakoenda, ila sahau habari ya sekunde 20: picha moja hujumlisha karibu nusu saa ya kazi, kugonga na kupumzika pamoja.