Mafua yasoisha na kifua kubana: somo la mzio wa nikeli

Naandika mara moja, nimechoka kujibu inbox. Mie herini za bei rahisi ziliniwasha toka usichana, baadaye ikaja chafya kila asubuhi na kifua kulia usiku, kumbe ni nikeli, madini yaliyomo kwenye herini hizo, na kwenye chakula imo pia.

1. Pimwa. Viraka vya kupimia mzio hubandikwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, ngozi inasomwa tena baadaye.

2. Pampu ya pumu usiiache.

3. Wiki kadhaa punguza vyenye nikeli nyingi: mbaazi, kunde, dengu, korosho, njugu, kakao, oti na chaza. Wali mweupe, mayai, kuku, maziwa, matango kula.

4. Sufuria. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliacha mbaazi mwezi mzima na kifua bado kinabana, nikalia wallahi, kumbe nimenunua sufuria mpya ya stenlesi inang'aa na kila siku napikia mchuzi wa ukwaju ndani yake. Uchachu unatoa nikeli kwenye stenlesi, na sufuria ikiwa mpya ndiyo hutoa zaidi!! Ukwaju, nyanya, ndimu pikia chungu au sufuria ya enameli isobanduka. Na usilaze mchuzi humo mpaka asubuhi.

5. Rudisha chakula kimoja kimoja, andika kwenye daftari.

MASWALI

Bi Langoni: Kwa hiyo ndimu ni haramu?
— Soma hatua ya 4 tena. Nimesema usipikie kwenye stenlesi. Kamulia kwenye sahani, vitamini C inapunguza nikeli inayoingia mwilini.

Kijana wa Mkomani: Naacha pampu nijaribu chakula kwanza?
— Hatua ya 2. Usiache.

Fundi Malindi: Dada, mie nachomelea mageti ya stenlesi, kifua chabana kazini, nikipumzika siku mbili kinapoa. Nile nini?
— Kaka yangu, wewe shida ni moshi, una nikeli na kromiamu, na huo unauvuta, sahani haitauzuia. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia, kwamba ukipumzika unapata nafuu, hilo ni jambo kubwa sana kwake. Omba upimwe pumzi siku za kazi na siku za kupumzika. Feni itoe moshi nje, barakoa iwe ya mafundi, kitambaa hakisaidii.

Mama Swafaa: Nina upungufu wa damu, yahusu?
— Swali zuri shoga. Madini ya chuma yakipungua mwili hufyonza nikeli zaidi, tibu damu pia.

Bi Langoni: Samahani nilisoma mbiombio. Na mahamri bila mbaazi?
— Hakuna neno mamangu. Kwa mchuzi wa samaki, mie sasa ndivyo nilavyo.

Mama Swafaa: Kifungo cha suruali ya jinzi kikiwasha kitovuni paka rangi ya kucha isiyo na rangi, ikibanduka rudia.