Namna ya kuchimba historia ya mnara wa taa: mfano wa Chumbe

Ukimpa mwanafunzi wa skuli kazi ya kuandika historia ya mnara wa taa wa Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, atakuletea mwaka. Chumbe, 1904, wamejenga Waingereza, basi. Mimi daftari la namna hiyo hulirudisha na suali moja: taa ilikuwa ikiwaka kwa kitu gani?

Nasisitiza suali hilo kwa sababu taa ya mafuta inataka mtu. Ijazwe, ikatwe utambi, vioo vifutwe masizi, leo, kesho na keshokutwa. Mtu huyo anataka nyumba, maji, unga na mshahara, na vyote hivyo huacha alama. Kwa hivyo ufuate moto. Mnara wenyewe umesimama palepale tangu siku ulipomalizika, hauna mengi ya kukusimulia.

Anzia chini. Najua kila anayefika Chumbe anataka kupanda juu apige picha, lakini zunguka kwanza. Karibu na mnara pana msikiti wa zamani, na nyumba ya walinzi wa taa ambayo sasa imegeuzwa kituo cha wageni wa hifadhi. Msikiti haujengwi kwa ajili ya mtu aliyepita mara moja. Kisha jiulize walikunywa nini, maana kisiwa kile hakina maji baridi. Tafuta mifereji ya kukinga mvua, birika la kuhifadhia maji, jiko, na kuta zilizoongezwa baadaye. Angalia chokaa na saruji: penye saruji juu ya chokaa, mtu alirudi kutengeneza.

Sasa panda. Juu unatafuta vibao vya chuma vyenye jina la kiwanda. Majina mawili yafaa uyajue mapema: Chance Brothers wa Smethwick, karibu na Birmingham, waliotengeneza vioo na taa za minara ya dola yote ya Kiingereza, na kampuni ya AGA ya Sweden. Taa ya Chumbe ilibadilishwa mwaka 1926 ikawa ya gesi ya asetilini ya AGA, na hapa naomba tukae kidogo.

Aliyeubuni mtambo huo ni Gustaf Dalén. Alitengeneza vali inayofungwa na mwanga wa jua. Ndani yake mna fimbo moja nyeusi katikati, na fimbo nyengine zinazong'ara kuizunguka. Kukicha, ile nyeusi inanyonya mwanga, inapata joto, inarefuka kwa kiasi kidogo mno, na urefu huo unatosha kusukuma wenzo na kuifunga gesi. Jua likizama inapoa, inanywea, gesi inapita, na kile kimoto kidogo kisichozimwa kinaiwasha taa. Hakuna aliyepanda ngazi. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule alioharibikiwa macho yote mawili kwa mripuko wa gesi akiwa kazini. Ukishaelewa fimbo ile nyeusi, utaelewa kwa nini katika minara mingi duniani nyumba za walinzi zilibaki tupu.

Usiku, kaa ufukweni Mbweni au Chukwani na saa ya simu. Hesabu sekunde kutoka mwako mmoja hadi mwako kama huo unaporudi. Kila mnara una mpigo wake, ili nahodha asiuchanganye na mwengine, na mpigo huo huandikwa kwenye ramani ya bahari. Ukikuta kwa mfano Fl 5s 20m 12M, maana yake inamweka mara moja kila sekunde 5, iko mita 20 juu ya maji, na inaonekana maili 12 za baharini. Zile mita hupimwa kutoka usawa wa maji kujaa hadi kwenye taa. Si urefu wa jengo! Makala chungu nzima zimekosea hapo. Linganisha ramani za miaka tofauti. Mpigo ukibadilika, taa imebadilishwa.

Makaratasi yako Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Usiulize "mnara" tu. Ulizia mambo ya bandari, matumizi ya fedha, ununuzi wa mafuta na rangi, na gazeti la serikali, ambalo lilianza kuchapishwa mwaka 1892. Picha nazo zina hila yake. Ukiona picha ya Forodhani, ufukwe wa Mji Mkongwe, yenye mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani, ujue ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipolipiga mizinga eneo la kasri. Mnara ule uliharibika, na uliofuata ukaunganishwa na jengo lenyewe.

Mwisho, wazee. Nenda kwa wavuvi, uamkie, ukae, usitoe kinasa sauti kabla ya kahawa. Usimuulize mzee mnara ulijengwa lini. Atakujibu "zamani" na atakuwa amejibu vyema. Muulize: nahodha, chakula cha walinzi kikipelekwa na chombo gani? Kusi likichafuka walikula nini? Nani aliruhusiwa kuvua pale, na nani alifukuzwa? Akianza kubishana na mwenzake aliyekaa pembeni, nyamaza uandike.

Ukishaandika, mrudie umsomee alichosema. Mara nyingi ni hapo, katikati ya kusahihisha, ndipo anapokumbuka jina la mpishi.