Kufundisha kupiga katika ligi ndogo ya besiboli, hatua kwa hatua

Kocha wa kupiga akipangiwa timu ya Single-A, mojawapo ya madaraja ya chini ya ligi ndogo za Marekani zinazokuza wachezaji wa klabu kubwa, hukabidhiwa wapigaji kumi na kitu, wengi wao vijana wadogo, na ratiba isiyo na huruma: michezo sita dhidi ya mpinzani yuleyule, Jumanne hadi Jumapili, kisha Jumatatu ya mapumziko ambayo mara nyingi huliwa na safari ya basi. Ratiba hiyo ilikuja 2021, ligi ndogo zilipopangwa upya zikabaki timu 120 zilizofungamana na klabu za Ligi Kuu ya besiboli (MLB). Kazi ni ngumu, na naipenda kwa moyo wote.

Ninayoandika hapa ni kwa anayeianza kazi hii, na pia kwa makocha wa kwetu. Lugazi ya Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers ya Los Angeles, klabu ya Ligi Kuu, iliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Watafuata wengine, na watahitaji watu wa kuwafundisha.

Jambo kubwa ninaloamini ni hili: pigo linaloonekana bovu, mara nyingi ni pigo zuri lililochelewa kuanza. Shughulikia wakati kwanza, umbo la mwili baadaye.

Hatua ya 1: Tazama bila kurekebisha

Siku za mwanzo na mchezaji mpya, funga mdomo. Mpige video kutoka ubavuni na kutoka mbele. Andika jambo moja tu: mguu wake wa mbele unatua mpira ukiwa wapi? Kisha muulize mwenyewe alikuwa anatafuta mrusho gani. Kijana huyu ameshapita mikononi mwa makocha kadhaa, na kila mmoja amemwachia neno kichwani. Ukiongeza la kwako kabla ya kumsikiliza, unamjazia mzigo.

Wengi wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Jifunze Kihispania cha kutosha kuzungumza naye bila kumpitia mkalimani. Anayewaza kupiga kwa lugha ya mama hafundishiki vizuri kwa lugha anayoibahatisha.

Hatua ya 2: Elewa hesabu ya muda

Kutoka kilimani mwa mrushaji (kichuguu anachosimama kurusha) hadi kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Mrushaji hupiga hatua mbele, kwa hiyo mpira humtoka mkononi ukiwa umebakiza mita 17 hivi. Kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, unafika baada ya sekunde 0.4. Gongo lenyewe linahitaji kama sekunde 0.15 kutoka begani hadi kwenye mpira. Kinachobaki ndicho muda wa kuuona mpira, kuutambua na kuamua.

Sasa mchukue mpigaji ambaye mguu wake unatua kwa kuchelewa. Atakimbiza mikono, bega la mbele litafunguka mapema, kichwa kitavutwa nje. Kocha mgeni ataona makosa matatu na kutoa mazoezi matatu. Kosa ni moja, na lilitokea kabla gongo halijasogea.

Hatua ya 3: Fundisha mwanzo

Anza bila gongo kuzungushwa. Warushaji wenu wanapojinoa pembeni, mpeleke mpigaji asimame mahali pake, avae kofia ngumu, ashike gongo, na asipige. Kazi yake ni kujiandaa pamoja na mrushaji: mrushaji anapoanza kushuka kilimani, yeye anahamishia uzito mguu wa nyuma; mpira unapotoka mkononi, mguu wa mbele uwe karibu kugusa ardhi. Kila mrusho ataje kwa sauti: "kasi" au "pinda", "straiki" (mpira uliopita eneo halali la kupigwa) au "nje", kabla haujamfikia mdakaji aliye nyuma yake.

Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote, na ndilo wachezaji wanalolikimbia, kwa sababu hakuna mlio wa gongo. Usiwaachie.

Hatua ya 4: Kizimbani

Kizimba ni eneo la mazoezi lililozungushiwa wavu. Anza na mpira uliowekwa juu ya kigingi, dakika chache, kupasha mwili na kukagua njia ya gongo. Mrusho wa kasi unamfikia mpigaji ukishuka kwa digrii 4 hadi 7 hivi, na wa kupinda unashuka zaidi. Kwa hiyo gongo linapogusana na mpira liwe linapanda kidogo, lifuate njia ileile ya mpira. Anayekata kuelekea chini hukutana na mpira mahali pamoja tu. Akichelewa kidogo, amekosa.

Kisha mrushie wewe mwenyewe ukiwa nyuma ya wavu wa umbo la L unaokukinga na mpira uliopigwa. Kutoka mita 9, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, mpira unafika kwa sekunde 0.4 zilezile. Huhitaji mkono wa mtaalamu wala mashine ya bei mbaya, na hapa kocha wa Kampala au Dar es Salaam hayuko nyuma ya yeyote. Changanya: wa kasi, wa polepole, wa nje. Ukimrushia aina moja unampimia mikono tu, macho yanalala.

Mashine ya kurusha nayo ina kasoro yake: haina mkono wa kutazamwa. Inua mpira juu mpigaji auone, ushushe taratibu, ndipo uuingize kwenye mashine, ili apate ishara ya kuanza kujiandaa.

Mazoezi ya uwanjani ya kurushiwa mipira rahisi ili apige hadi ivuke uzio, mimi nayapunguza kila ninapoweza. Yanafurahisha, ila yanamzoesha kijana kuanza kwa kuchelewa bila kuadhibiwa.

Hatua ya 5: Kabla na wakati wa mchezo

Mchezo ukianza saa 1 jioni, kikao cha wapigaji kiwe kifupi. Mpe kila mmoja mrusho mmoja wa kutafuta na eneo moja la kuutafutia. Data za mpinzani zinajaza kurasa. Kuzichuja ni jukumu lako, asibebeshwe yeye.

Mchezo ukishaanza, usizungumzie mikono wala nyonga. Swali la kumuuliza akirudi benchi ni: "Ulikuwa tayari kwa wakati?" Basi.

Usimpime kwa wastani wa kupiga wa wiki, yaani sehemu ya majaribio yake yaliyofanikiwa. Ted Williams alimaliza 1941 na wastani wa .406, yaani mafanikio kama manne katika kila majaribio kumi, na tangu hapo hakuna aliyefika .400 katika American League wala National League, ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Maana yake hata yeye alikosa karibu mara sita kati ya kumi. Angalia alichagua mrusho gani, na mpira ulitoka kwa kasi gani. Ukivuka kilomita 153 kwa saa unahesabiwa umepigwa kwa nguvu, hata kama umedakwa.

Hatua ya 6: Muulize amelalaje

Uchovu huchelewesha mguu kabla ya kitu kingine. Maisha ya ligi ndogo yamekuwa afadhali: tangu 2022 klabu zinawapa wachezaji makazi, na mkataba wa 2023 ulipandisha mshahara wa chini wa Single-A kutoka dola 11,000 hadi 26,200 kwa mwaka. Hata hivyo safari za usiku zipo palepale. Mchezaji akianza kuchelewa ghafla, kabla ya kufungua video uliza kuhusu usingizi, chakula na simu za nyumbani. Akiwa hajalala, mpunguzie mipira ya kizimbani siku hiyo, abaki na zoezi la kusimama tu la Hatua ya 3.

Hatua ya 7: Ripoti

Iandike usiku uleule, mistari mitatu kwa kila mpigaji: alikuwa kwa wakati au la, alifuata mpango au la, kesho anafanya zoezi gani. Atakapopandishwa High-A, daraja linalofuata juu ya Single-A, kocha atakayempokea ataisoma ripoti hiyo, kwa hiyo taja pia maneno ambayo mchezaji mwenyewe hutumia kuelezea pigo lake likiwa zuri.