Namna ya Kuchunguza Kisa cha Kuaibishwa Hadharani

Anayetaka kuandika historia ya adhabu za aibu asianze na aliyeadhibiwa wala na hakimu, bali aanze na watazamaji, kwa kuwa mamlaka huandaa jukwaa tu, na aibu yenyewe hutoka kwa umati.

Mkatale wa Uingereza, zile mbao zilizombana mtu shingo na mikono mbele ya kadamnasi, unalionyesha jambo hili vizuri. Mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa humo kwa siku 3 jijini London, Julai 1703, kwa sababu ya kijitabu cha kejeli kilichowaudhi wakubwa; wafuasi wake wakamshangilia, na shairi alilotunga kuukejeli mkatale huo likauzwa mitaani. Mwaka 1732 ikawa zamu ya John Waller, aliyekuwa akiwasingizia watu ujambazi ili apate zawadi ya fedha. Huyo umati ulimuua akiwa bado kwenye adhabu, na miongoni mwa waliomshambulia alikuwamo ndugu wa mtu aliyenyongwa kwa ushahidi wake. Adhabu ilikuwa ileile.

Kwa hiyo, ukipata kumbukumbu ya tukio, orodhesha kwanza waliokuwapo: nani aliitwa, nani alikuwa na kisasi, nani alikuwa mpita njia tu. Kisha tafuta walichotenda, kwani hati ya hukumu haitaji mayai viza, matope wala mawe. Jihadhari pia na masimulizi ya baadaye. Ile hadithi kwamba Defoe alirushiwa maua ni tamu mno, nami nisingeiandika bila kuonya. Hukumu yenyewe isome mwisho.

Usisahau kwamba watazamaji huweza kuwa mbali na tukio. Mwaka 2009, mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, akiwalaumu kwa matokeo mabaya ya mitihani. Habari ilipoenea, waliosikia waliwahurumia walimu, aibu ikamgeukia aliyetoa amri, na Rais Jakaya Kikwete akamfuta kazi. Katika kisa kama hiki, waandike mbalimbali walioshuhudia viboko na waliopata habari baadaye, uweke tarehe za kila kundi, kisha uoneshe ni lipi lililobadilisha mkondo wa mambo.