Kayaki kwa ndugu asiyetembea: anza na kiti, kafi baadaye

Watu wakiniuliza kuhusu kayaki kwa ndugu yao aliyepooza au mwenye mkono mmoja dhaifu, swali huwa ni lile lile, ninunue kafi gani? Mimi nawaambia ngoja kwanza, anakaaje? Maana kafi linavutwa na kiwiliwili zaidi ya mikono, na mtu akiwa anayumba nguvu zake zote zinaishia kujishikilia asilale. Hata kwenye Paralimpiki, mbio za kayaki zilipoingia Rio 2016, wachezaji wanapangwa makundi kwa kuangalia kiwiliwili na miguu vinafanya kazi kiasi gani.

Kaka yangu aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya boda, kuanzia kifuani kushuka hahisi kitu. Mara ya kwanza pale Mida Creek, hori la bahari pwani ya Kenya, tulimkalisha kwenye kayaki ya plastiki, ile ya kukaa juu, na kile kiegemeo chake cha kitambaa, akapiga kafi mara tatu akaenda ubavu. Tukarudi nyumbani tukamtengenezea egemeo gumu linalofika chini ya mabega, tukachonga vipande vya godoro zito kwa kisu vikambana nyonga kulia na kushoto, chini ya magoti tukakunja taulo. Safari iliyofuata alikaa wima kabisa, akatuambia haya niachieni.

Sasa hapa someni polepole. Mtu asiyehisi makalio anaweza kuchubuka mpaka akapata kidonda bila kujua, na plastiki ngumu yenye mchanga na maji ya chumvi ni hatari kwake, kwa hiyo pitisha kiganja chako mahali pote atakapokaa utafute skrubu, mshono, hata kipande cha kombe. Weka mto mzuri, mfano ule wa wilichea kama unavumilia maji. Safari za mwanzo ziwe fupi, mkitoka mkague ngozi, na ukiona wekundu usioondoka basi hakuna kayaki mpaka upone.

Na USIMFUNGE. Najua unaogopa ataanguka, lakini kayaki ikipinduka mtu aliyefungwa anabaki chini nayo. Vya kumbana pembeni sawa, kumkaza na mkanda hapana. Kabla ya safari yoyote ipindueni makusudi kwenye maji ya kifuani, watu wawili wamesimama karibu, yeye kavaa laifujaketi, muone kama anatoka mwenyewe bila kunasa.

Kama bado inayumba ongeza maboya mawili pembeni kama matengo ya ngalawa. Yakae nyuma ya kiti ili kafi lisiyagonge, na yawe juu ya maji kidogo tu, yakizama muda wote yanakuvuta nyuma.

Haya, kafi. Tafuta jepesi kadiri mfuko unavyoruhusu kwa sababu atalinyanyua mara mamia, fiba au kaboni ni bora kuliko aluminiamu, na bapa dogo (ile sehemu pana inayoingia majini) linaonea huruma mabega ambayo tayari yanasukuma wilichea kila siku. Mabapa yote mawili yaelekee upande mmoja ili asizungushe kifundo cha mkono. Vidole visivyokamata, funga tyubu ya baiskeli kwenye mpini uwe mnene usioteleza, au glavu yenye velkro, ila mkono uchomoke ukivutwa mara moja (rudieni lile zoezi la kupindua yeye akiwa ameivaa). Mwenye mkono mmoja au bega bovu anahitaji kafi linaloshikiliwa na nguzo mbele yake juu ya kayaki, uzito unabebwa na nguzo yeye anasukuma tu, Angle Oar wa Marekani wanatengeneza ya hivyo, na fundi mzuri wa vyuma akielewa wazo anaweza kujaribu.

Laifujaketi ijaribuni akiwa ameshakaa kwenye kile kiti, sio dukani, sababu yenye mgongo mnene inamsukuma mbele na kazi yote ya egemeo inaharibika.

Siku ya kutoka chagueni maji mafu, zile siku bahari haijai wala kukupwa sana, mkondo unakuwa mpole kuliko bamvua ambapo inajaa na kukupwa sana, na mwingie maji yakikaribia kujaa ili wilichea isikwame kwenye tope. Sisi tunamwagia kiti maji kabla hajakalia, plastiki iliyokaa juani inaunguza na yeye hatasema, hasikii moto.