Istanbul kwa feri za umma kwa siku moja: usikwame gatini kama mimi

Mwezi uliopita shemeji yangu alikwenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo. Akamaliza manunuzi siku moja kabla ya ndege, akanipigia: "Shemeji, nimebakiwa na siku nzima, nifanye nini?" Nikamwambia apande feri. Baada ya saa mbili akapiga tena. Yuko palepale gatini, wapiga debe wamemzunguka, hajui aingilie mlango gani. Siku ile tuliimaliza kwa simu, yeye akinisomea vibao herufi kwa herufi na mimi nikimwelekeza, na hapo ndipo nilipoona heri niyaandike haya mara moja.

Kwanza, kwa nini feri na siyo boti ya watalii? Istanbul imekaa pande mbili za mlango wa bahari wa Bosphorus, Ulaya huku na Asia kule, na wenyeji huvuka kila siku kwenda kazini na kurudi nyumbani. Feri wanaiita vapur. Zile za shirika la jiji, Şehir Hatları, ni warithi wa kampuni iliyoanzishwa mwaka 1851 kwa jina la Şirket-i Hayriye. Litamke taratibu utasikia shirika na kheri. Unalipa nauli ileile ya mwenyeji, unakaa jirani na mama aliyetoka sokoni, na misikiti, ngome na majumba ya kifalme yanapita mbele yako bila kipaza sauti cha mtu. Boti ya watalii mimi sipandi tena.

Hatua ya 1: Kadi

Nunua İstanbulkart, kadi ya kulipia usafiri wa umma, kwenye mashine, uwanja wa ndege au kwenye vituo vya tramu na metro. Kila mtu awe na yake. Mashine nyingi hazirudishi chenji: noti yote unayoingiza, ukitoa bei ya kadi, inakuwa salio, kwa hiyo usiingize noti kubwa kama huna mpango wa kuimaliza.

Hatua ya 2: Fika Eminönü

Wengi wetu hufikia mitaa ya Laleli au Aksaray. Panda tramu ya T1 inayoelekea Kabataş, shuka Eminönü, kwenye magati ya feri. Basi.

Hatua ya 3: Tafuta gati lako (hapa usiwe na haraka)

Siku yangu ya kwanza nilipoteza karibu saa nne hapa. Nilikuwa nataka kwenda Eyüp, mwisho wa ile ghuba iitwayo Haliç. Nikaona umati unaingia mlango fulani, nikafuata umati. Nikagusisha kadi, nikakaa, nikashukia Üsküdar, bara jingine kabisa. Nikarudi. Nikauliza, nikaonyeshwa kidole upande wa daraja la Galata, nikadhani naambiwa nivuke daraja, nikavuka. Kumbe gati la boti za Haliç wakati ule lilikuwa upande uleule niliokuwepo, ila nyuma ya daraja, limejificha nyuma ya kituo cha mabasi. Nilipolifikia nikasoma ratiba, nikaona boti ipo baada ya dakika kumi, nikanunua mahindi ya kuchoma nikasubiri. Haikuja. Ilikuwa Jumapili, na mimi nilisoma safu ya siku za kazi.

Kwa hiyo nisikilize vizuri.

Eminönü haina gati moja. Ni mfululizo wa majengo, kila moja na mlango wake, na jina la unakokwenda limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango: KADIKÖY, ÜSKÜDAR, BOĞAZ (hiyo ya mwisho ndiyo Bosphorus kwa Kituruki). Soma jina kabla ya kugusisha kadi. Ukishapita geti umeshalipa, hata kama umeingia siko.

Katikati ya magati hayo wapo wapiga debe. Mmoja ameshika picha ya boti iliyofunikwa plastiki, anaita "Bosphorus! Bosphorus!" na anakuhakikishia kwamba boti ya umma imeshaondoka. Huyo anauza matembezi. Alama yangu ni hii: kwenye geti la kusoma kadi ndipo penye usafiri wa umma, na kwenye mtu mwenye kitabu cha tiketi ni biashara yake. (Zipo pia boti ndogo za kampuni binafsi zinazovusha abiria kwa kadi hiyohiyo. Hazina ubaya, ila mimi napenda zile kubwa nyeupe zenye bomba la moshi la njano. Zina nafasi ya kutembea.)

Sasa ratiba. Jedwali limegawanywa kwa siku: hafta içi ni siku za kazi, Cumartesi ni Jumamosi, Pazar ni Jumapili. Cumartesi imebeba neno Juma ndani yake lakini siyo Ijumaa. Ijumaa ni Cuma, nayo imo ndani ya hafta içi. Shemeji yangu alinaswa hapo. Angalia pia juu kabisa: ratiba ya kiangazi (yaz) na ya baridi (kış) ni tofauti, na karatasi ya zamani huweza kubaki ukutani au kwenye picha aliyokutumia rafiki.

Kisha tazama mwisho wa jina la gati. Eminönü'den kalkış ni "kuondoka kutoka Eminönü", na Kadıköy'den kalkış ni "kuondoka kutoka Kadıköy". Kile kipande -den au -dan ndicho "kutoka". Safu zote mbili hukaa bega kwa bega, na mtu mwenye haraka husoma ya upande wa pili, kisha anashangaa feri yake inaondoka bila yeye. Ukiona iptal, safari imefutwa.

Na saa: ratiba ni ya saa 24, kwa hiyo toa sita. 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa ya mkononi usiiguse, kwani tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi majira tena na saa zake ni sawasawa na zetu za Afrika Mashariki.

Ukishindwa kabisa, msogelee mfanyakazi wa getini, taja unakokwenda na umalizie na nerede, yaani "wapi". Atakusalimu "Merhaba!" Shemeji alicheka hadi akakohoa: "Mzee ameniitikia marahaba na shikamoo sijampa."

Hatua ya 4: Asubuhi, vuka kwenda Üsküdar

Kama robo saa hivi. Panda sitaha ya juu, nje, ukae upande wa tezi ukitazama ulikotoka. Asubuhi jua linatoka Asia na kuupiga mji mkongwe usoni, na unaona kila kitu kwa mpangilio: msikiti wa Yeni Cami pale gatini, kasri la Topkapı juu ya rasi, na kuba la Ayasofya lililokamilika mwaka 537. Chai inauzwa ndani, kwenye bilauri nyembamba kiunoni, ya rangi na bila maziwa. Ishike ukingoni juu, katikati inaunguza. Ukinunua simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, usiuinue hovyo. Shakwe wa kule wanajua kazi yao, na shemeji alibaki na kipande cha ukubwa wa pete.

Ukishuka, msikiti unaokutazama ni wa Mihrimah Sultan, kazi ya msanifu Sinan wa karne ya 16.

Hatua ya 5: Üsküdar hadi Eyüp

Hili ndilo jibu langu kwa lile fumbo la Eminönü: boti ya Haliç ipandie inapoanzia. Njia hiyo huanzia Üsküdar, hugusa Karaköy, kisha hupita chini ya daraja la Galata na kuingia ghubani, kituo baada ya kituo, hadi Eyüp. Haliç ndiyo khaliji ya Kiarabu, sisi tungesema ghuba. Wazungu wanaiita Pembe ya Dhahabu. Boti hizi ni chache, takriban moja kwa saa, kwa hiyo ukishuka popote piga picha ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka gatini.

Mdomo wa ghuba hii ndio uliofungwa kwa mnyororo mwaka 1453, Sultani Mehmed II wa Waosmani alipouzingira mji. Meli zake ziliposhindwa kupita, akaziburuza nchi kavu, juu ya kilima cha upande wa Galata, akazishusha majini ndani ya ghuba. Ukiwa kwenye boti, tazama mteremko wa kulia uone lilikuwa jambo la namna gani.

Upande wa kushoto, kati ya mitaa ya Fener na Balat, lipo kanisa la Wabulgaria lililojengwa kwa chuma. Vipande vyake vilifuliwa Vienna, vikasafirishwa kwa maji kupitia mto Danube, nalo likafunguliwa mwaka 1898. Fener ndiko aliko Patriaki wa Konstantinopoli (jina la zamani la Istanbul), kiongozi wa Wakristo Waorthodoksi.

Eyüp ni Ayubu. Hapo amezikwa Abu Ayyub al-Ansari, yule sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, akafariki wakati wa kuzingirwa kwa Konstantinopoli katika miaka ya 670. Watu huja kuzuru, siyo kutalii, kwa hiyo vaa kwa heshima, na wanawake wajitande kichwa. Epuka adhuhuri ya Ijumaa kama huendi kuswali. Juu ya kilima cha Pierre Loti unaweza kupanda kwa gari la kamba, kadi yako inafanya kazi, ila wikendi foleni inachosha. Mimi hupanda kwa miguu kupitia makaburini na kushuka kwa gari.

Wakati wa kurudi shukia Balat, tembea hadi Fener, pandia hapo.

Hatua ya 6: Jioni, Kadıköy

Shuka Karaköy, badili feri ya Kadıköy, upande wa Asia. Kama dakika ishirini. Karibu na kufika, kushoto, utaona stesheni ya Haydarpaşa imesimama kwenye ukingo wa maji. Kula Kadıköy, kisha rudi Eminönü au Karaköy jua linapozama. Sasa kaa mbele, upande wa omo. Minara yote ya mji mkongwe inakuwa myeusi na anga nyuma yake ni rangi ya embe bivu. Usiposimama nje kwa sababu ya baridi umejipunja mwenyewe, beba koti.

Upepo ukichafuka

Kuna upepo wa kusini wanaouita lodos, ndiyo kusi lao. Ukivuma sana, au ukungu ukitanda, feri husimamishwa na neno iptal hujaa ubaoni. Usibaki kusubiri. Kama uko upande wa Asia, nenda Üsküdar kwa barabara ushuke kwenye Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu mwaka 2013. Kituo cha kwanza upande wa Ulaya ni Sirkeci, na kutoka hapo hadi Eminönü ni mwendo wa miguu. Fanya hivyohivyo feri ya mwisho ikikuacha, ila treni nayo ina saa yake ya kulala, kwa hiyo hiyo pia ipige picha mapema.