Somo: Namna ya kulisoma garimoshi la Garratt, klasi ya 59

Wengi wakifika Makumbusho ya Reli Nairobi husimama mbele ya garimoshi la mvuke namba 5918, Mount Gelai, wakapiga picha na pua lake la rangi ya damu ya mzee, kisha wakaenda zao. Pua lile ni tangi la maji. Umetoka nyumbani, umelipa kiingilio, umepiga picha na tangi! Nasema hivi kwa sababu na mimi nilianza hivyohivyo.

Safari ijayo fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Kaa ubavuni, uhesabu magurudumu

Anzia mbele. Utaona madogo mawili, makubwa manne, dogo moja. Kisha pengo refu. Halafu dogo moja, makubwa manne, madogo mawili. Jumla 14 kwa upande mmoja, 28 kwa garimoshi zima. Mafundi huandika 4-8-2+2-8-4, na sasa unajua namba hizo zinatoka wapi. Makubwa ndiyo yanayosukumwa na pistoni; madogo yanabeba uzito na kuongoza njia tu.

Hatua ya 2: Inama, tazama chini ya boila

Hapa usiharakishe. Chini ya tumbo la boila, yaani pipa kubwa linalochemsha maji kuwa mvuke, hakuna gurudumu hata moja. Boila na chumba cha dereva vimekaa juu ya fremu ya katikati, na fremu hiyo imeegemea mitambo miwili yenye magurudumu kwa pini mbili nene, moja kila mwisho. Mbele kuna mtambo wenye silinda zake na tangi la maji mgongoni. Nyuma kuna mtambo mwingine kama huo, umebeba mafuta mazito ya kuwashia moto pamoja na maji mengine.

Umewahi kuona watu wawili wamebeba boriti ndefu kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, Mombasa? Wa mbele anakata kona, wa nyuma anafuata, boriti yenyewe haipindi. Ndivyo Garratt inavyopita kwenye kona ya reli. Mtambo wa mbele unageuka kivyake, wa nyuma kivyake, na boila linabaki limenyooka kati yao, likiegemea upande wa ndani wa kona. Na mvuke unafikaje kwenye mtambo unaogeukageuka? Mabomba yake yana viungo vya mviringo, mfano wa bega la mtu.

Aliyebuni mpango huu ni Mwingereza Herbert William Garratt, akausajili mwaka 1907. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1909 na Beyer, Peacock wa Manchester kwa ajili ya reli ya Tasmania. Hawa hawa ndio waliojenga klasi yetu ya 59: magarimoshi 34, mwaka 1955 na 1956.

Hatua ya 3: Linganisha reli na boila

Upana kati ya reli na reli ni mita moja tu, hatua moja ya mtu mzima. Sasa inua macho. Kipenyo cha boila ni karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya njia yenyewe! Garimoshi la kawaida haliwezi hivyo, maana magurudumu makubwa yako chini ya boila na yanalibana. Hapa boila liko huru kunenepa, na tanuri liko huru kushuka chini. Ukielewa hili umeielewa Garratt.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya nguvu

Toa simu. Kipenyo cha silinda ni inchi 20.5, zidisha kwa chenyewe. Zidisha kwa mwendo wa pistoni, inchi 28. Zidisha kwa shinikizo la mvuke, ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, kisha kwa 0.85, maana mvuke hupoteza nguvu kidogo kabla ya kufika kwenye silinda. Gawanya kwa kipenyo cha gurudumu kubwa, inchi 54. Huo ni mtambo mmoja. Zidisha kwa mbili: ratili 83,350, yaani tani kama 38 za kuvuta. Hakuna garimoshi la mvuke la reli ya mita moja, popote duniani, lililowahi kuzidi ukubwa na nguvu hizi.

Hatua ya 5: Soma kibao cha jina. Yote 34 yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Klasi ya 60, Garratt nyingine iliyo nyepesi zaidi, ilikuwa na majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru vibao vile viling'olewa. Milima haikuwa na neno.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Voi:* Marehemu babu alikuwa akisema ni "treni ya vichwa viwili". Si kweli basi?

Babu hakukosea sana. Mitambo ni miwili, lakini boila ni moja, dereva mmoja na msaidizi wake. Ndiyo faida yenyewe: vichwa viwili vya kawaida vingetaka wafanyakazi wa vichwa viwili.

*Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma:* Mwalimu, tani 38 zinavutaje treni ya tani 1,200?

Swali zuri. Uzito unabebwa na reli. Injini inapambana na mlima na msuguano. Mombasa hadi Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600, na mwinuko mkali ni mita 1.5 kwa kila mita 100. Asilimia 1.5 ya tani 1,200 ni tani 18. Garimoshi lenyewe, lenye uzito wa tani 256 hivi, linaongeza karibu tani 4. Weka msuguano na kona, bado una akiba.

*Mdau wa Kampala:* Yalifika huku kwetu?

Kazi yake ilikuwa hasa Mombasa na Nairobi. Kila ekseli ilikandamiza reli kwa tani 21, na njia nyingi hazikuweza kuhimili. Klasi ya 60, yenye tani kama 11 kwa ekseli, ndiyo iliyozunguka zaidi.

*Mdau wa Same:* Shikamoo mzee. Nimeona 5930 Mount Shengena hapo Nairobi. Mlima wetu wa Upare umefikaje Kenya?

Marahaba. Tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa shirika moja, hadi lilipovunjika mwaka 1977. Gelai nayo ni ya Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Kwa hiyo magarimoshi mawili ya klasi hii yaliyosalia Nairobi yote yana majina ya milima ya kwenu. Njoo upige picha, ila si ya tangi.